George Albert Boulenger (1858–1937) na Majina ya Samaki wa Ziwa Tanganyika

Kuhe ni samaki mkubwa wa Ziwa Tanganyika, na hakuna mpishi wa Buzebazeba, Gungu au Ujiji anayehitaji kamusi ili amtambue. Katika vitabu vya zuolojia samaki huyo huandikwa *Boulengerochromis microlepis* (Boulenger, 1899). Jina la mtu mmoja limeingia humo mara mbili: kwanza ndani ya jina la jenasi, kisha ndani ya mabano. Mara hizo mbili hazisemi jambo moja. Katika jenasi, Boulenger ni mtu aliyepewa heshima na mwanasayansi mwenzake. Katika mabano, ni mtunzi wa jina ambaye sehemu ya uamuzi wake ilitenguliwa baadaye. Anayetaka kuelewa tofauti hiyo, na kwa nini mfasiri hana ruhusa ya kuyafuta mabano hayo kwa kuyaona ni pambo, atanufaika kwa kuyafahamu maisha ya mtu mwenyewe.

George Albert Boulenger alizaliwa Brussels, Ubelgiji, tarehe 19 Oktoba 1858. Mwezi Februari wa mwaka huohuo Richard Burton na John Hanning Speke walikuwa wamefika Ujiji, na Speke akaondoka ziwani na makombe ya konokono ambayo mwaka uliofuata yalipewa majina ya kisayansi mjini London. Mtoto wa Brussels na elimu ya viumbe wa Ziwa Tanganyika, kwa hiyo, ni rika moja. Baba yake alikuwa mthibitishaji wa hati za kisheria, kazi ya mihuri, saini na tarehe. Si vigumu kuona kivuli cha ofisi hiyo katika namna mwanawe alivyokuja kuyatunza majina ya wanyama. Kijana alihitimu masomo ya sayansi asilia katika Chuo Kikuu Huria cha Brussels mwaka 1876, akaajiriwa katika makumbusho ya sayansi asilia ya jiji hilo, akijishughulisha na vyura, mijusi, nyoka na samaki.

Mgogoro wake wa kwanza kuhusu jina haukuwa wa samaki. Mwaka 1878 wachimbaji wa makaa ya mawe katika kijiji cha Bernissart, kusini-magharibi mwa Ubelgiji, walikuta chini sana ardhini mifupa ya dinosaria wengi wa jenasi *Iguanodon*. Boulenger aliihesabu pingili za uti wa mgongo zilizoungana kwenye nyonga, akaona ni sita, ilhali spishi iliyojulikana Uingereza ilielezwa kuwa na tano. Mwaka 1881 aliwasilisha mbele ya Akademia ya Ubelgiji hoja kwamba hao ni spishi nyingine, akaiita *Iguanodon bernissartensis*, yaani ya Bernissart. Makala yake haikuchapishwa. Kilichochapishwa ni ripoti ya mhakiki wake, Pierre-Joseph van Beneden, aliyeona kwamba tofauti hiyo huenda ni ya dume na jike tu. Ripoti hiyo ililitaja jina ili kulipinga; kwa kulitaja ikaliingiza katika maandishi, na hadi leo jina hilo husimama juu ya ukurasa ulioandikwa na mpinzani. Historia ililipa kwa ukarimu usio wa kawaida: mwaka 2000 tume ya kimataifa inayosimamia majina ya wanyama iliamua kwamba spishi hiyo ya Bernissart ndiyo iwe msingi wa jenasi nzima ya *Iguanodon*.

Neno msingi hapa lina maana maalumu, na hapo ndipo wageni wengi wa somo hili hujikwaa. Jina la spishi halining'inii hewani, bali limefungwa kwenye kielelezo: mnyama halisi aliyehifadhiwa mahali fulani, ambaye mtu yeyote anaweza kwenda kumtazama. Jina la jenasi nalo limefungwa kwenye spishi moja iliyoteuliwa. Spishi nyingine zinaweza kuingizwa katika jenasi hiyo au kutolewa, lakini jina huifuata spishi ile ya msingi popote inapokwenda. Kwa hiyo maelezo ya maneno, hata yakiwa mazuri kiasi gani, si mwamuzi wa mwisho, kwani mwenye neno la mwisho ni kielelezo kilichomo ndani ya chupa.

Mwaka 1880 Albert Günther, mkuu wa zuolojia katika British Museum, alimwita Boulenger London ili aorodheshe vyura na jamaa zao waliojaa katika mikusanyo ya jumba hilo. Mwaka 1882 akapewa kazi ya kudumu, akachukua uraia wa Uingereza, na hakuondoka hadi alipostaafu mwaka 1920. Alimaliza katalogi ya vyura mwaka 1882, ya mijusi kati ya 1885 na 1887, ya nyoka kati ya 1893 na 1896, kisha juzuu nne za samaki wa maji baridi wa Afrika kati ya 1909 na 1916. Alipiga fidla, alizungumza Kifaransa, Kiingereza na Kijerumani, akasoma Kihispania, Kiitaliano, Kirusi kidogo, Kigiriki na Kilatini. Waliomjua walistaajabia kumbukumbu yake: kielelezo alichokwisha kukiona hakumtoka, wala jina lake. Hadi mwaka 1921 alikuwa ameandika makala 875 na kueleza spishi mpya 1,096 za samaki, 556 za amfibia na 872 za reptilia. Royal Society ilimchagua kuwa mwanachama mwaka 1894, akiwa bado hajaandika ripoti yake ya kwanza juu ya samaki wa Tanganyika.

Utaratibu alioufanyia kazi ulikuwa na umri wa zaidi ya karne moja. Carl Linnaeus wa Uswidi, katika toleo la kumi la *Systema Naturae* la mwaka 1758, aliwapa wanyama wote majina ya maneno mawili, na mwaka huo ndio uliokubaliwa kuwa mwanzo wa majina ya kisayansi ya wanyama. Neno la kwanza ni jenasi, huanza kwa herufi kubwa. La pili huitambulisha spishi ndani ya jenasi hiyo, na huanza kwa herufi ndogo hata kama limetokana na jina la mtu au la nchi. Yote mawili huandikwa kwa italiki. Hufuata jina la mtunzi na mwaka wa kuchapishwa, bila italiki. Majina mawili yakipewa mnyama mmoja, lililotangulia kuchapishwa ndilo hushinda, na lililochelewa huitwa kisawe. Msomaji aliyezoea visawe vya lugha, ambapo barua na waraka huishi pamoja kwa amani, aangalie: katika zuolojia kisawe ni jina lililoshindwa.

Maneno yenyewe yana undugu wa kuvutia. Jenasi limetoka katika Kilatini *genus*. Kigiriki kina neno pacha, *genos*, ambalo lilipita katika Kiarabu likawa *jins*, na kutoka huko Kiswahili kikapata jinsi na jinsia. Mwalimu anayefundisha jenasi kama neno geni kabisa, basi, anamleta mgeni ambaye binamu zake wamekaa nyumbani siku nyingi.

Sarufi nayo haiko mbali. Neno la pili likiwa kivumishi cha Kilatini, lazima lipatane na jinsia ya jenasi, kama vile kivumishi cha Kiswahili kinavyopatana na ngeli ya nomino. Konokono mmoja kati ya wale wa Speke alielezwa na S. P. Woodward mwaka 1859 kwa jina *Lithoglyphus zonatus*, maana yake mwenye mistari kama mikanda. Baadaye alihamishiwa jenasi *Spekia*, iliyoundwa kwa heshima ya Speke. *Lithoglyphus* ni ya kiume, *Spekia* ni ya kike; kwa hiyo leo anaitwa *Spekia zonata* (Woodward, 1859). Mwisho wa kivumishi umebadilika, mtunzi na mwaka havikubadilika, na mabano yameongezwa ili kuonyesha kwamba Woodward ndiye aliyeiita spishi hiyo kwanza, lakini katika jenasi nyingine. Mabadiliko ya *Tilapia nilotica* kuwa *Oreochromis niloticus*, ambayo wengi huyaona katika vitabu vya sato, yana sababu hiyohiyo. Mfasiri anayenakili nusu ya jina jipya na nusu ya jina la zamani hutoa mnyama asiyekuwepo.

Samaki wa ziwa walikawia kuliko konokono. Edward Coode Hore, baharia wa shirika la kimisionari la London aliyeingia Ujiji mwaka 1878, alikusanya baadhi, na Günther akawaeleza mwaka 1894. Mzigo mkubwa uliletwa na John Edmund Sharrock Moore, aliyesafiri ziwani kwa mara ya kwanza mwaka 1895 hadi 1897. Moore alikuwa na dhana iliyowasisimua watu wengi wakati huo: kwamba Tanganyika ni mabaki ya bahari ya kale, kwa sababu makombe ya konokono wake yalifanana na ya konokono wa baharini waliokwisha kuwa mawe. Hapo kazi ya kuainisha iliacha kuwa ya ukarani. Kumweka mnyama katika jenasi ni kudai kwamba ana ndugu fulani. Na ndugu wakiwa wa baharini, ziwa lenyewe linapewa nasaba ya bahari.

Boulenger alizifungua chupa za Moore na kutoa ripoti mwaka 1898. Samaki waliomtokea walikuwa wa ajabu, lakini wengi wao walikuwa wa familia ya Cichlidae, yaani jamaa za sato na ngege, watu wa maji baridi. Upekee wao ulikuwa mkubwa kiasi kwamba jenasi zilizokuwapo hazikuwatosha, akaunda mpya, moja baada ya nyingine. *Bathybates* kwa Kigiriki ni atembeaye kilindini. *Eretmodus* ni mwenye meno kama makasia. *Tropheus* ni mlezi, na samaki wa jenasi hiyo kweli hulea mayai na watoto wao kinywani. *Perissodus* ni mwenye meno yasiyo ya kawaida. Moore mwenyewe alipata heshima yake katika *Tropheus moorii*, ambapo -ii ni alama ya umilikaji ya Kilatini: *Tropheus* wa Moore. Msafara mwingine ulioongozwa na W. A. Cunnington mwaka 1904 na 1905 ulitumwa kuichunguza zaidi habari hii ya bahari, samaki wake pia wakaja mezani kwa Boulenger, na hatimaye dhana ya bahari ikaachwa.

Kazi yote hiyo aliifanya London, kwa samaki waliokwisha kupoteza rangi ndani ya spiriti. Aliona magamba, meno, miiba ya mapezi na hesabu za pingili. Hakuona mwendo wala makazi. Baadhi ya majina yake hubeba alama ya meza hiyo. Neno *microlepis*, lenye magamba madogo, alilitumia kwa samaki watatu wa ziwa hilihili katika muda wa miaka miwili: *Perissodus microlepis* na *Lates microlepis* mwaka 1898, na yule kuhe mwaka 1899. Hakuna kosa hapo. Neno la pili linaweza kurudiwa mara nyingi, mradi jenasi ni tofauti. Ndani ya jenasi moja haliruhusiwi mara mbili. Ndiyo sababu kuandika *microlepis* peke yake katika kamusi au katika tafsiri hakumtambulishi mnyama yeyote. (*Perissodus microlepis*, kwa kejeli ya bahati, huishi kwa kunyofoa magamba ya samaki wengine.)

Mgebuka ndiye mfano bora wa jinsi jenasi inavyobeba hukumu. Msafara wa Mbelgiji Louis Stappers wa mwaka 1911 hadi 1913 ulileta samaki huyu, na mwaka 1914 Boulenger akamweleza. Alimwona mwembamba na mrefu mno kuwa ndugu wa karibu wa samaki wa jenasi *Lates*, ambao wavuvi wa ziwa huwaita sangala. Akamtungia jenasi yake: *Luciolates*, kutokana na *lucius*, jina la Kilatini la samaki mmoja mrefu na mkali wa mito ya Ulaya, likaunganishwa na *Lates*. Jina kamili likawa *Luciolates stappersii* Boulenger, 1914, bila mabano, kwa kuwa samaki alikuwa bado mahali alipowekwa na mtunzi.

Mwaka 1976 Humphry Greenwood, naye wa jumba lilelile la London, alipitia upya jamaa yote na kuona kwamba tofauti alizozitegemea Boulenger hazitoshi kumtenga mgebuka. Akamrudisha ndani ya *Lates*. Tangu hapo ni *Lates stappersii* (Boulenger, 1914), na mabano hayo mawili ndiyo kumbukumbu pekee, ndani ya jina, kwamba hukumu ya kwanza ilikuwa nyingine. *Lates microlepis* Boulenger, 1898 hana mabano kwa sababu hajawahi kuhama. Wote wawili wapo katika ziwa moja na huweza kuuzwa siku moja kwenye mwalo wa Kibirizi. Alama ndogo ya uandishi husimulia historia mbili tofauti.

Kwa mfasiri jambo hili lina uzito wa kazi. Ripoti za uvuvi za miaka ya 1950 na 1960 husema *Luciolates*, za leo husema *Lates*. Asiyejua ataandika kwamba ziwa lilikuwa na samaki fulani ambaye sasa hatajwi, na msomaji ataelewa kwamba ametoweka. Upande wa Kiswahili kuna mtego mwingine. Sangara wa Ziwa Victoria ni *Lates niloticus*, aliyepandikizwa huko katika karne ya 20. Sangala wa Tanganyika ni spishi nyingine za *Lates*, wenyeji wa ziwa hilo tangu kale, ambazo hazipatikani kwingine. Herufi moja imebadilika, na spishi imebadilika pia, ingawa jenasi ni moja. Mgebuka huyohuyo Burundi huitwa mukeke. Jenasi humwambia msomaji kile ambacho majina matatu ya mwambao hayawezi kumwambia: kwamba mgebuka, sangala na sangara ni ndugu.

Dagaa nao wana fundisho la kinyume. Neno dagaa la Kigoma hukusanya spishi mbili za samaki wadogo. Boulenger alimweleza mmoja mwaka 1906 kwa jina *Pellonula miodon*, akimweka pamoja na jamaa wa mito ya magharibi mwa Afrika. Mwaka 1917 Charles Tate Regan alimtoa humo na kumtungia jenasi *Limnothrissa*, samaki wa aina ya dagaa akaaye ziwani, na papo hapo akamweleza yule wa pili, *Stolothrissa tanganicae*. Kwa Greenwood jenasi mbili zilikuwa zimeungana. Kwa Regan jenasi moja ilipasuliwa. Mhariri wa kamusi anayeandika dagaa kwa jina moja la kisayansi, kana kwamba neno la Kiswahili na spishi ni kitu kimoja, anawakosea wote wawili, na anaikosea pia lugha, ambayo huko pwani humwita dagaa samaki mwingine kabisa.

Regan huyu alikuwa mtumishi mwenza wa Boulenger tangu mwaka 1901, na ndiye aliyembomolea nyumba. Mwaka 1920, mwaka uleule Boulenger alipostaafu, Regan alichapisha uainishaji mpya wa jenasi za Cichlidae wa Tanganyika. Boulenger alikuwa amezitenga jenasi nyingi kwa umbo la meno na magamba. Regan alisema meno hufuata chakula: samaki wasio ndugu wakila chakula kimoja huweza kuota meno yanayofanana. Akageukia mifupa ya chini ya fuvu, pale taya za kooni zinapoegemea. Jenasi kama *Paratilapia*, ambamo Boulenger aliweka samaki wa mito na maziwa mbalimbali ya bara, zikavunjika. Leo *Paratilapia* imebaki kuwa ya samaki wa Madagaska peke yao.

Walimu wa Kiswahili wanaujua ugomvi huu kwa sura nyingine. Anayepanga ngeli kwa viambishi vya nomino humweka kiboko pamoja na kiti, kwa sababu vyote vinaanza na ki- na wingi wake ni vi-. Anayepanga kwa upatanisho humtoa kiboko na kumweka pamoja na mtu, kwa sababu husemwa kiboko amezama, si kiboko kimezama. Wote wawili wameangalia neno lilelile na kila mmoja ana ushahidi. Wanatofautiana juu ya ushahidi upi una uzito. Boulenger alikuwa mtu wa viambishi. Katika karne iliyofuata mizani ilihama tena, kutoka mifupa ya Regan hadi vinasaba, na jenasi kadhaa za Regan nazo zikapata hatima ya zile za Boulenger.

Kilichosalia cha Boulenger ni spishi. Hilo ni jambo la kanuni, si la bahati. Jenasi ni rai kuhusu undugu, na rai hubadilika. Jina la pili lililofungwa kwenye kielelezo, likiwa limetangulia, hubaki hata rai ikibadilika mara kumi. *Stappersii* alikuwa *stappersii* ndani ya *Luciolates* na ni *stappersii* ndani ya *Lates*.

Majina hayo ya pili yanastahili kutazamwa kwa jicho la mtu wa lugha, kwa kuwa yanaonyesha nani alihesabiwa. Boulenger aliandika pia kwa ajili ya Dola Huru ya Kongo, na kitabu chake cha samaki wa bonde la Kongo kilitoka mwaka 1901. Maofisa wa dola hiyo waliotuma chupa walilipwa kwa umilikaji wa Kilatini: *descampsii* wa mwaka 1898 kwa Descamps, *hecqui* na *lemairii* wa mwaka 1899 kwa Hecq na Lemaire. Ilikuwa adabu ya taaluma, na Boulenger aliifuata kama wenzake. Lakini samaki hao waliishi katika maji yaliyokuwa yakivuliwa vizazi vingi, na katika orodha hii ya moorii, stappersii, cunningtoni na wengine hamna jina la mvuvi hata mmoja wa mwambao. Kanuni za majina haziruhusu kulibatilisha jina halali kwa sababu hiyo, na haitafaa mfasiri ajaribu kulisahihisha kwa kutunga lake. Mahali pa haki kwa kuhe, mgebuka na sangala ni katika kamusi, kwa maelezo yaliyo kamili.

Alipostaafu Boulenger alirudi Ubelgiji, akaacha samaki, akashika waridi. Miaka mingi ya mwisho wa maisha yake aliitumia katika mkusanyo wa waridi kavu ulioachwa Brussels na mtaalamu wa mimea François Crépin, akaandika juzuu mbili juu ya waridi wa Ulaya, kati ya 1924 na 1932. Ni mimea inayozaana ovyo baina yao na kuwakatisha tamaa wanaotafuta mpaka wa spishi. Mtu aliyetaka mapumziko asingeichagua. Mwaka 1935 wataalamu wa samaki na reptilia wa Marekani walimfanya mwanachama wao wa kwanza wa heshima, na mwaka 1937 Ubelgiji ikampa nishani ya Leopold. Alifariki tarehe 23 Novemba 1937 mjini Saint-Malo, Ufaransa.

Jenasi mbili za Ziwa Tanganyika zilikuwa zimepewa jina lake. Ya kwanza ilikuwa ya nyoka. Mwaka 1886 Louis Dollo, wa makumbusho ya Brussels, alieleza swila wa majini wa ziwa hilo, akamwita *Boulengerina stormsi*: jenasi kwa Boulenger, spishi kwa Émile Storms, aliyekuwa mkuu wa kituo cha Wabelgiji cha Karema. Baadaye ilibainika kwamba nyoka huyo ni wa spishi moja na yule aliyekwisha kuitwa *Naja annulata* mwaka 1876, hivyo *stormsi* likashuka kuwa jina la nususpishi ya ziwani. Na mwaka 2009 wachunguzi wakawarudisha swila wa majini wote katika *Naja*, pamoja na swila wa nchi kavu. Spishi hiyo iliyozaliwa bila mabano, ikayavaa ilipohamishiwa *Boulengerina*, sasa imeyavua tena: *Naja annulata* Buchholz & Peters, 1876.

Ya pili ni ya kuhe. Boulenger alimweka katika *Tilapia* mwaka 1899. Mwaka 1904 Jacques Pellegrin wa Paris aliona kwamba samaki huyo hafanani na *Tilapia* wala na mwingine yeyote, akamtoa na kumpa jenasi ya peke yake, akaiita kwa jina la mtu ambaye uamuzi wake alikuwa akiutengua. Mpaka sasa jenasi hiyo ina spishi moja tu.